Uso wa Elspet

Jumatatu ya kwanza baada ya mazishi ya mama yake, Phemie Petrie alikunywa chai ya alfajiri akaonja chuma. Alidhani ni birika. Mumewe Dod, ambaye kazi yake hapa duniani ilikuwa kuchemsha birika hilo, alilifunua, akachungulia ndani, akanusa, akasema halina neno. Kisha akainua taa akamtazama mkewe usoni.

"Imefika," alisema.

"Nini?"

"Ya mama yako. Nenda kajiangalie."

Phemie alikwenda kwenye kioo kilichotundikwa kando ya dirisha. Pembe ya kushoto ya mdomo wake ilikuwa imevutwa chini, meno ya upande huo yametoka nje, paji la uso limejikunja na jicho moja limefinywa. Alikuwa ameuona uso huo kila siku ya maisha yake, mezani, kanisani na kiwandani, na mara ya mwisho ndani ya jeneza, ambamo hata mwanamke aliyeosha maiti alijaribu kuunyoosha akashindwa. Aliusukuma mdomo juu kwa kidole. Ulirudi palepale. Basi akavaa kofia yake, maana katika mji wa Dundee huko Uskoti mfumaji haonekani njiani kichwa wazi kama wale wa kusokota nyuzi, akafunga kipande cha mkate na jibini ndani ya kitambaa.

"Usisahau kuloweka shayiri ya supu," alisema akiwa mlangoni.

"Nimeshaloweka," alijibu Dod. "Na usigombane na mtu kwa uso huo."

Dod hakuwa mvivu. Viwanda vya juti, nyuzi za kufumia magunia, viliajiri wanawake, na viliajiri wavulana mpaka sauti zao zianze kukwaruza, kisha viliwaambia waende nyumbani. Nusu ya wanaume wa mtaa wa Hilltown waliishi hivyo, wakilea watoto na kumenya viazi, wakaitwa wachemsha birika mbele ya watu, nao wakaitika.

Jambo lililokuwa usoni mwa Phemie lina jina lake, girn. Watu wa huko wamechukua mambo ambayo wengine huyatenganisha, kukunja uso na kunung'unika, wakayafunga kamba moja. Mtoto anayeota meno ana girn. Mzee aliyecheleweshewa supu ana girn. Mbwa ukimnyang'anya mfupa, atakutolea girn kabla hajakuuma. Hizo ni za kawaida, huja na kuondoka kama mafua. Ya ukoo wa Phemie ilikuwa ya kurithi.

Mchungaji wao, aliyesoma sana, aliwahi kuja kunywa chai kwa Bell, mama yake Phemie, akaeleza asili ya neno hilo. Alisema lilianza na mbwa, wakati watu wa kale walipohitaji jina la kukenua meno. Alisema pia kwamba lilipovuka mpaka kuingia kwa Waingereza, njiani ghadhabu ilidondoka, likafika kusini likiwa tabasamu, na hadi leo huko wanalitumia kwa kucheka. Bell alimsikiliza kwa adabu na uso wake umepinda vilevile. Kisha akamwambia kwamba uso ulitangulia neno, na kwamba mwenye uso alikuwa mtu, wala si mbwa. Mchungaji aliomba kipande kingine cha keki.

Kwa simulizi za familia, mwenye uso aliitwa Elspet, nyanya wa nyanya wa nyanya, huko mashambani Kinbrae. Jumapili moja Elspet alisimama mlangoni mwa kanisa akaanza kulalamika kwa sauti. Hakumaliza. Wazee wa kanisa walikuwa na hatamu ya chuma iliyotundikwa ukutani kwa ajili ya wanawake wenye midomo, kizimba cha kuvaa kichwani chenye ubapa unaoingia kinywani na kuukandamiza ulimi. Walimvika, wakamsimamisha pale mpaka waumini wote walipopita. Walipomvua, uso ulibaki kama ulivyokuwa ndani ya chuma. Alichokuwa akikilalamikia hakuna akijuaye. Alipokufa, uso ulimwendea binti yake wa kwanza, na ladha ya chuma pamoja nao, na tangu hapo umekuwa ukishuka, kutoka shambani hadi kwenye vinu vya kitani, kutoka kitani hadi juti. Kila aliyeupokea aliongeza lake. Bell aliongeza mapafu yake, yaliyojaa vumbi la magunia hata akawa anakohoa nyuzi.

Aliyeubeba uso huo aliweza kusema lolote. Aliweza kuomba chumvi, kuimba zaburi, kumtukana mwenye nyumba kwa ujumla. Lakini lilipofika lile jambo lenyewe linalomuuma, akalifungulia mdomo, ulimi ulikwama chini ya chuma kisichoonekana na sauti ikafia hapo. Bell alijaribu mara nyingi. Mwishowe akaachana nalo, akabaki kufuma soksi.

Ingekuwa kazi nyingine yoyote, Phemie angebeba urithi wake kimya kama mama alivyoubeba uzeeni. Ila ndani ya banda la mitambo uso haunyamazi. Mitambo mia kadhaa ya kufuma ikipiga kwa pamoja, hakuna sauti ya binadamu inayosikika, hata ukipiga yowe sikioni mwa mtu. Wafumaji walikuwa wamejifunza zamani kusemezana kwa midomo na nyuso. Mwanamke wa mlangoni aliweza kumwambia wa ukuta wa mbali kwamba shemeji yake ameamka mtaroni, naye akacheka mpaka machozi, na hakuna lililotamkwa. Walizoea hivyo hata nyumbani, wakala chakula huku wakibibidua midomo bila sauti, na watoto wao wakajua kusoma nyuso kabla ya kujua kusoma vitabu.

Kwa hiyo Phemie aliposimama kwenye mtambo wake asubuhi ile, akatia uzi, akauachia mkanda wa injini ukashika, banda zima lilikuwa likimsoma kabla hajafuma hata upana wa kiganja. Uso ulianza na Elspet, ambaye haeleweki. Ukaja kwa Bell na mapafu. Kisha, wazi kabisa, ukasema jambo la Phemie mwenyewe, ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata Dod. Ulisema: *Kinga ya Nan aliifungua Tosh kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nikitazama.*

Nan Dargie alikuwa jirani yake mara mbili, mtambo kwa mtambo na mlango kwa mlango. Mtambo wa juti unarusha kibeba uzi, kipande cha mti mgumu chenye ncha za chuma pande zote mbili, kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, haraka kuliko jicho linavyofuata. Mbele yake hukaa kinga, ufito wa chuma wa kukizuia kisiruke nje. Majira ya kuchipua yaliyopita, nyapara wa banda, Airchie Tosh, alizipitia kinga kwa spana yake akazing'oa moja moja, kwa sababu zinamchelewesha mfumaji anapobadilisha uzi, na meneja alitaka magunia. Alizipanga kwenye pembe yake, juu ya bomba la mvuke. Zilifaa sana kupashia pai. Majuma machache baadaye kibeba uzi kiliruka kwenye mtambo wa Nan kikamtoa jicho la kushoto. Kiwanda kilisema Nan aliing'oa kinga mwenyewe, kwa uzembe, naye akaenda nyumbani na kitambaa kichwani. Phemie aliulizwa na wenzake kama aliona. Alisema alikuwa ameinama. Alisema hivyo kwa woga wa kufukuzwa, na woga huo aliujua kwa jina lake, usiku na mchana.

Ilipofika saa ya kifungua kinywa, wanawake walikuwa wanampita Phemie mmoja mmoja wakimgusa bega. Hakuna aliyeshangaa. Kila mmoja wao aliogopa vilevile; walichokuwa wakikitaka ni mtu wa kusema, na uso ulikuwa umesema.

Tosh naye alisoma. Alilala utotoni ndani ya kikapu chini ya mtambo wa mama yake, na hakuna neno la banda lile lililompita. Alikuja na spana yake mfukoni, akasimama mbele ya Phemie, akaongea kwa mdomo mpana bila sauti, kama wote.

"We Phemie, ondoa uso huo."

"Si wangu. Ni wa marehemu mama."

"Uwe wa mama yako, uwe wa malkia, hapa ndani ni makelele matupu."

"Nenda kamwambie yeye. Yuko makaburini, upande wa ukutani."

Tosh alileta gunia, akalitundika kwenye kamba kati ya Phemie na banda. Wanawake wakawa wanainama kidogo kulikwepa, na kazi ikaendelea.

Jumamosi mchana kiwanda kilipofungwa, Phemie alimkuta Nan kwenye roshani ya nyuma, ile ya pamoja inayotazama kamba za nguo, akishona viraka. Alikuwa akishona kwa kusogeza kitambaa karibu kabisa na pua. Phemie alisimama akishika kizuizi cha roshani. Alitamani angekuwa na jambo la kufanya kwa mikono yake.

"Nasikia unanisema vizuri siku hizi," alisema Nan.

"Siyo mimi, shoga. Ni uso."

"Uso kwanza, wewe utafuata. Kaa." Nan akamsogezea kigoda kwa mguu. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Wa serikali. Mwaka huu wameambiwa wawaite watu ofisini mmoja mmoja. Utaitwa, maana mtambo wako uko jirani na wangu."

"Nan, siwezi kulitamka. Unajua lilivyo. Mama alijaribu mpaka akakaukiwa mate."

"Basi akuangalie tu. Umuonyeshe."

"Mtu wa kusini huyo. Hajui kusoma nyuso."

Nan alicheka, kisha akaacha. Alichoma sindano kwenye kitambaa akaiacha humo.

"Sitaki wanirudishie jicho, Phemie. Jicho limekwenda. Nataka waseme sikuing'oa mimi. Na wale wasichana wanaoingia mwezi huu, wafungiwe kinga mbele ya macho yao. Chrissie wako si anaingia?"

"Anaingia."

"Haya. Sina la kuongeza."

Chrissie alikuwa binti wa pekee wa Phemie, amemaliza shule majira hayo, mrefu, mwenye macho makubwa ya kijivu yaliyokuwa yakitazama kila kitu kwa karibu. Mtambo uliokuwa mtupu kiwandani ulikuwa mmoja tu, wa Nan. Phemie alikuwa amejua hilo tangu siku Nan alipotolewa kwa machela, na alikuwa akilijua kila alipomtazama binti yake akila, akisoma gazeti la baba yake au akifunga kamba za viatu. Hakuna kingine alichokifikiria. Akiwa amelala alimwona Chrissie amefungwa kitambaa kichwani.

Siku mbili kabla ya mkaguzi kuja, Tosh alimngoja Phemie langoni jioni, kofia mkononi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Binti yako ana mkono mzuri wa sindano, nimesikia," alisema. Hapo nje alikuwa na sauti, na ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Ana mkono mzuri."

"Dada yangu Mina ndiye mkubwa wa ghala la vitambaa, kule juu. Madirisha makubwa, kimya, mnakaa kwenye viti. Anatafuta msichana. Chrissie anaweza kuanza Alhamisi hii hii. Hatagusa mtambo maisha yake yote."

Phemie alikunja kitambaa chake cha mkate akakitia mfukoni.

"Mkaguzi atakuuliza kama una malalamiko," Tosh alisema. "Wewe sema huna. Basi, yameisha."

"Bwana Tosh, mimi hata nikitaka kulisema siwezi. Mji mzima unajua."

"Najua. Kwa hiyo hutapoteza kitu."

Phemie alitembea kupanda kilima akiigeuzageuza hesabu hiyo, na kila alipoigeuza ilitoka safi. Chuma kingemzuia kusema. Kwa hiyo Nan hangepata kitu kwake kwa vyovyote, na Chrissie angepata kiti cha dirishani. Alipofika ngazi za nyumba yao alikuwa karibu kuamini kwamba amefanya jambo la busara. Hakugonga kwa Nan, ingawa taa ilikuwa inawaka. Alimwambia Dod habari ya ghala la vitambaa, Dod akamkumbatia Chrissie, akasema lazima wale nyama, akaenda kununua.

Alhamisi Chrissie alivaa aproni mpya akapanda ngazi za ghala. Mkaguzi alikuja asubuhi hiyohiyo, mtu mpole mwembamba aliyeshika leso puani kwa sababu ya mafuta ya nyangumi ambayo juti hulainishwa nayo. Alipita katikati ya mitambo akiongozwa na Tosh, ambaye alikuwa ameliondoa gunia. Kelele zilimfanya afunge macho kila baada ya hatua chache. Wanawake walimwambia yote. Walimwambia kwa nyuso zao upande huu na upande ule, kinga, spana, bomba, pai, jicho la Nan, na yeye alipita katikati ya maneno hayo yote kama mtu anayepita kwenye kitu anachokiona kuwa ni hewa. Alipofika kwa Phemie alisimama. Aliyaona meno. Uso wake ukaangaza, akavua kofia, akatabasamu naye pia, kwa kuwa kwao meno yakionekana ni furaha.

Baadaye Phemie aliitwa ofisini. Mlango ulipofungwa, kelele zilibaki nje na masikio yake yakawa yanavuma. Mkaguzi alikuwa ameketi nyuma ya meza. Tosh alikuwa amesimama kando ya jiko la makaa akitazama viatu vyake. Ukuta mmoja ulikuwa wa kioo, na kupitia hapo zilionekana ngazi za kwenda ghalani na wasichana waliokuwa wakipanda na mabunda ya vitambaa. Chrissie alikuwa mmojawapo. Alimwona mama yake akampungia mkono haraka, asionekane.

"Nimefurahi kukuona ukiwa mchangamfu, Mama Petrie," alisema mkaguzi. "Sasa, sheria inanitaka nikuulize. Je, kuna jambo lolote unalolalamikia?"

Alikuwa akiuliza hivyo kiwanda baada ya kiwanda, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefikiria chakula cha mchana. Hata hivyo alikuwa ameuliza. Chuma kilisogea.

Kililegea kwanza juu ya ulimi, kisha kwenye mashavu, kikashuka taratibu kama hatamu inayofunguliwa na mtu mwenye haraka na mikono yenye baridi. Phemie alihisi ulimi wake ukiinuka. Uso ulikuwa ukingoja swali. Miaka yote hiyo wanawake wa ukoo wake walikuwa wameamriwa, wameombewa, wamepakwa mafuta ya bata, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameulizwa. Sasa mmoja ameulizwa, na mdomo ulikuwa wake, mtupu, mkavu na tayari. Nyuma ya meno yake alihisi maneno yamejipanga, ya Elspet mbele kabisa. Kama angefungua mdomo angejua hatimaye ni nini kilichomuuma yule mwanamke mlangoni mwa kanisa. Kisha yangekuja ya wengine, kisha ya Bell, kisha la Nan, ambalo lilikuwa fupi na halihitaji pumzi nyingi.

Tosh aliacha kutazama viatu. Alimtazama Phemie, naye pia akawa ameona kwamba chuma kimetoka, na uso wake mnene ukapauka. Kupitia kioo Chrissie alikuwa amefika ngazi ya juu, amelikumbatia bunda, macho yote mawili yakimulikwa na dirisha kubwa.

"Hapana, bwana," alisema Phemie. "Sina malalamiko."

"Vizuri sana," alisema mkaguzi, akamshukuru.

Alirudi kwenye mtambo wake. Wanawake walimtazama mara moja, kisha wakageuzia nyuso zao kwenye kazi, na mchana kutwa hakuna aliyemwambia kitu. Phemie hakuelewa mpaka alipofika nyumbani. Nan alikuwa amefungua mlango wake nusu, akimsubiri, na jicho lake lililobaki lilimpitia Phemie kuanzia paji hadi kidevu, polepole, kama alivyokuwa akiisogelea sindano. Halikukuta mkunjo wowote. Nan aliufunga mlango kwa uangalifu, na Phemie alisikia komeo likiingia.

Ndani, Dod alikuwa amempangia chai. Phemie alikunywa, na chai ilikuwa chai, tamu, yenye maziwa, haina chuma. Alikunywa kikombe cha pili akalia kidogo.

"Njoo nikuone," alisema Dod, akamgeuza kwenye mwanga. "Aisee. Umekuwa laini. Umerudi kama ile siku tuliyokwenda ufukweni Broughty Ferry, bado hatujaoana."

Phemie alikwenda kwenye kioo. Ilikuwa kweli. Mdomo ulikuwa umenyooka, paji limetulia, hata mistari ambayo ilikuwa yake mwenyewe, aliyoipata kwa miaka na kazi, haikuwepo. Ulikuwa uso wa mtu ambaye hajawahi kupatwa na neno. Aliutazama kwa muda, kisha akageuka kumtafuta Chrissie.

Mlango ulifunguliwa. Chrissie alipita moja kwa moja hadi kwenye ndoo bila kuwatazama, akawapa mgongo, akachota maji, akanywa, akatema kwenye sinki.

"Maji ya leo yana chuma," alisema.

"Chrissie," alisema Phemie. "Kumetokea nini kazini?"

"Wamenishusha. Bi Mina amesema kule juu wanunuzi wanapita, wanataka uso wa kupendeza. Amesema asubuhi nilikuwa sawa. Imekuja ghafla tu, nikiwa ngazini." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Tosh amesema nije Jumatatu, kuna mtambo mtupu."

"Geuka, mwanangu."

Chrissie aligeuka.

Dod aliangalia kutoka mmoja hadi mwingine, kisha akaenda kuweka birika motoni, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Nyama aliyonunua juzi ilikuwa imeisha. Walikula supu ya shayiri, na Chrissie alihitaji kujifunza namna ya kushika kijiko kwa mdomo ulioinama, akasaidiwa na mama yake, aliyekuwa anajua jinsi.

Ijumaa Phemie alikwenda kwenye pembe ya Tosh, akasimama mbele ya bomba la mvuke, akaomba kinga moja. Alisema ataifunga mwenyewe, nje ya saa za kazi, hata spana ataleta. Tosh alisikitika, na alikuwa anasikitika kweli. Alisema mkaguzi ameondoka akiwa ameridhika, kila mmoja aliulizwa na hakuna aliyekuwa na neno, sasa yeye akianza kufunga kinga meneja atauliza kwa nini. Alimpa Phemie kipande cha pai. Phemie alikipokea bila kujua anapokea nini, akakibeba mpaka kwenye mtambo wake, kikapoa.

Jumatatu Chrissie alivaa kofia ya mfumaji, ya bibi yake Bell, wakashuka kilima pamoja. Banda lilikuwa limeshaanza kupiga. Phemie alimfundisha kutia uzi, kuushika mkanda na kuuachia, kusimama kidogo upande, zaidi ya hapo, zaidi, kichwa nyuma. Kisha ikabidi aende kwenye mtambo wake, hatua chache kutoka hapo. Kibeba uzi cha mtambo wa Nan kilianza kwenda na kurudi mbele ya macho ya kijivu ya Chrissie.

Wanawake walimsoma mgeni, kama wanavyofanya daima. Ulianza na Elspet, ukapita kwa Bell, ukafika kwa Nan, kinga, spana na mkono wa Tosh. Baadhi yao waliitikia kwa kichwa. Tosh alipita na gunia lake na kamba, akaanza kutafuta pa kulitundika. Phemie alikuwa akitazama pia, kwa kuwa hakuweza kutazama pengine. Mwishoni kabisa, baada ya lile la Nan, uso wa Chrissie uliongeza jambo jipya, la kwake, na kulirudia mara kadhaa kwa mdomo mpana ili mama yake alipate vizuri ndani ya kelele.

*Mama, uliulizwa.*

Phemie alitaka kujibu. Alijaribu kukunja paji, kuvuta mdomo, kutafuta mkunjo wowote ambao mtoto wake angeweza kuusoma. Uso ulikataa, ukabaki laini kabisa. Chrissie alimtazama kitambo akisubiri, kichwa kimeinama mbele, karibu mno na mtambo.